Timu mpya ya X-Men baada ya Krakoa: niendelee nao au niishie hapa?

mwana_mkunazini

Asalaam aleikum wakuu. Naomba mawazo ya nyie mnaofatilia komiki za Marekani, khasa X-Men.

Mie nimeingilia kwenye zama za Krakoa. Kabla ya hapo nlikuwa nawajua kwa filamu tu, khalafu rafiki yangu akanipa House of X na Powers of X za 2019, mwandishi Jonathan Hickman, wachoraji Pepe Larraz na R.B. Silva, nikazisoma mpaka adhana ya alfajiri. Mutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, wamepata kisiwa chao Krakoa, wana lugha yao, wana baraza lao, wanatoa dawa ambazo dunia nzima inazitaka na anaezitaka lazima kwanza awatambue kuwa ni taifa, na kubwa kuliko yote kuna wale Watano ambao wakiunganisha nguvu zao wanamrudisha aliyekufa. Kile kipande cha mwanzo kabisa, mayai makubwa chini ya mti, watu wanatoka ndani uchi wanainua mikono kumwelekea Xavier, mwalimu na muasisi wao, na ile kofia imemfunika uso, ukikisoma mara ya kwanza hukielewi, unakuja kukielewa matoleo mengi mbele, na ukirudi kukitazama mwili unasisimka. Na sie watu wa visiwani, habari ya watu kuwa na kisiwa chao na mamlaka yao huku wakubwa wa nje wanakitolea macho, wallahi ilinigusa, skuisoma kama katuni.

Sasa 2024 yote hayo yakafungwa. Hickman mwenyewe alishaondoka mapema, alipomaliza hadithi ya Inferno, lkn wenzake walikishikilia kisiwa miaka miwili zaidi na mie nikaendelea nao. Khalafu akaja mhariri mpya Tom Brevoort akakabidhiwa X-Men zote na kila kitabu kikapata watu wapya: X-Men yenyewe Jed MacKay na Ryan Stegman, Uncanny X-Men Gail Simone na David Marquez, Exceptional X-Men Eve Ewing na Carmen Carnero. Nimesoma toleo la mwanzo la MacKay, Cyclops, kiongozi wao, yuko Alaska na watu wachache kwenye kiwanda, hakuna kisiwa, hakuna baraza, anaekufa kafa. Nikafunga simu nikakaa kimya, roho inauma.

Nnachotaka kujua: hivi timu mpya ikija inaruhusiwa tu kufunga kila kitu cha waliotangulia? Na nyie mlosoma miaka mingi mnawapa watu wapya muda gani kabla hamjawaacha? Na kama ni kuendelea, kati ya vile vitatu nishike kipi, maana bando lenyewe la kubana na pesa pia.

---

babu_wa_shangani

Wa aleikum salaam mwanangu. Uchungu wako nnaujua, lkn hebu kaa nikupe historia kwa sbb hichi unachokililia kimezaliwa na timu mpya.

X-Men ilianza 1963, Stan Lee na Jack Kirby. Haikuwa na bahati. 1970 baada ya toleo la 66 wakaacha kuandika hadithi mpya, miaka mitano wanachapisha upya zile za zamani tu, kitabu kipo madukani lkn ndani hakina uhai. 1975 wakapewa watu wapya, mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, wakatoa Giant-Size X-Men namba 1. Sasa tazama walichofanya: wale wa zamani karibu wote wakatolewa, akabaki Cyclops, na ndani wakaingia Ororo (ndo Storm) wametoka kumchukua Kenya, Kurt (Nightcrawler) Mjerumani, Piotr Mrusi, John Proudstar Muapache, na Wolverine Mkanada ambae mwaka wa kabla yake alikuwa katokea tu kwenye kitabu cha Hulk kupigana. Wein hakukaa, toleo la 94 Chris Claremont akashika kalamu. Toleo la 95 wakamuua Proudstar, mtu ndo kwanza kaingia! Shabiki wa zamani anaempenda Angel na Iceman ungemuuliza siku ile angekwambia hawa watu wapya wameniulia kitabu changu. Claremont akakaa mpaka 1991. Storm unaemjua, Wolverine unaemjua, Magneto, adui wao mkubwa, mwenye maumivu yake ya kambi za Wanazi, yote hayo ni kazi ya mikono ile mipya.

Na hili khasa ndo nataka ulishike. Ile Giant-Size ya 1975, adui wao alikuwa nani? Alikuwa kisiwa. Kisiwa kizima chenye uhai kinachokula nguvu za mutanti, jina lake Krakoa. Wein na Cockrum walikitumia hadithi ile wakakirusha angani kikapotea. Miaka 44 baadae Hickman akakiokota kile kisiwa cha adui akakifanya nyumba ya watu wako. Kwa hivo Krakoa unayoililia ilikuwa kitu cha wengine kilichoachwa, mtu mpya akaja akakiona kwa jicho jengine. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndo kazi ya timu mpya.

Kuhusu kuruhusiwa, wahusika ni mali ya kampuni ya Marvel, si ya mwandishi. Mwandishi anakodiwa, mhariri ndo anaekubali au kukataa. Hata Claremont na miaka yake yote ile, 1980 walipomaliza hadithi ya Phoenix yeye na mchoraji John Byrne walitaka Jean Grey, ndo huyo Phoenix, abaki hai anyang'anywe nguvu tu, Jim Shooter mhariri mkuu akasema kateketeza dunia nzima yenye watu wake hawezi kuondoka hivi hivi, wakabadilisha mwisho Jean akafa. Na nnasema mpaka leo Shooter alikuwa na haki, mwisho ule ndo uliofanya watu waikumbuke.

---

mkono_wa_wete

Habari zenu, mie nachora, nipo Wete, na huwa inaniumiza kuona mtu anasema "timu mpya" khalafu anajadili mwandishi peke yake kama vile picha zinajichora.

Mwana mkunazini nakuomba utazame wachoraji. Babu kamtaja Byrne kwa kupita tu, mie ntakwambia zaidi. John Byrne aliingia toleo la 108 mwaka 1977 akimpokea Cockrum, na Terry Austin akawa anatia wino juu ya penseli yake. Zama hizo Marvel walikuwa wanafanya hivi: mwandishi anatoa kisa kwa ufupi, mchoraji anakipanga kurasa kwa kurasa anavyoona yeye, khalafu mwandishi anarudi kuandika maneno juu ya picha zilizokwishachorwa. Kwa hiyo mchoraji ni nusu ya msimulizi, si fundi wa kutumwa. Wolverine alikuwa mbioni kutolewa kwenye timu kwa kuwa hawakuona la kumfanyia, Byrne kalelewa Canada, akasema huyu Mkanada mwenzangu haondoki, akaanza kumpa nafasi kwenye kurasa. Leo mtoto wa Chake asiejua hata komiki ni nini anamjua Wolverine.

Tafuta ukurasa wa mwisho wa toleo la 132. Wenzake wote wameshashikwa juu kwenye jumba la maadui wao Hellfire Club, Wolverine kaangushwa mpaka kwenye mtaro wa maji machafu chini kabisa na wamemuhesabu maiti. Unaona maji, giza, anajiinua kashikilia bomba, uso umeinama lkn macho yanatazama juu kule walipo waliomtupa. Maneno machache mno. Angalia Austin alivyoyachora yale maji, mistari myembamba ya kalamu imejipanga mpaka unahisi ubaridi, khalafu weusi mzito mgongoni na usoni. Mie nimekinakili kile kipande mara nyingi kujifunza wino na bado sijaridhika na mkono wangu.

Kwa hiyo timu mpya unaipima hivi pia: mchoraji anakaa? Komiki ya Marekani inatoka kila mwezi na siku hizi mara nyingine mara mbili kwa mwezi, kurasa ishirini na kidogo, mchoraji mmoja hawezi kuchora zote mwaka mzima bila ya kuumia, kwa hivyo wanaletewa wa kushikia. Si kosa lake, lkn wewe msomaji unapoteza ule mkono ulioanza kuuzoea, sura ya Rogue inabadilika katikati ya hadithi moja. Marquez nnampenda sana, anachora watu wanaokaa jikoni wanakula na unaamini wana njaa. Matoleo ambayo hakuchora yeye nimeyahisi mara moja.

Na hili si la Wamarekani tu. Jarida la Sani hapa kwetu, Philip Ndunguru alifariki miaka ya 80 bado kijana, na mhusika wake Ndumilakuwili akaendelea kuchorwa na wengine. Mhusika akipendwa humpita mchoraji wake, lkn anaekuja lazima ajue kabeba amana ya mtu.

---

bi_ororo

Nimesoma wote na naheshimu babu yangu wa Shangani lkn sikubaliani kuwa tumwambie huyu kijana asilie kwa sbb 1975 ilikwenda vizuri. Kuna timu mpya zilizokuja vibaya pia tuseme. 1991 walitoa X-Men namba 1, Claremont na mchoraji Jim Lee, nakala zaidi ya milioni 8 zikaenda madukani, mpaka leo hakuna komiki iliyofika hapo. Toleo la 3 Claremont akaondoka, miaka 16 ya kazi, kwa sbb mhariri alikuwa anamsikiliza zaidi mchoraji. Na Jim Lee mwenyewe hakukaa, mwaka uliofuata akaenda na wenzake kuanzisha kampuni ya Image. Kwa hivo kikabaki kitabu kikubwa kuliko vyote duniani, mzee katolewa na aliyemtoa kaondoka. Miaka ya 90 iliyofuata mnajua nyie wenyewe, wahusika wengi, silaha kubwa kubwa, visa vinaanzishwa havimalizwi.

Kwangu mie swali si kama wapya wana haki ya kubadilisha. Mpangaji akiingia nyumba ana haki ya kupaka rangi anayotaka, hana haki ya kujifanya kisima hakipo uani. Swali langu siku zote ni: waliyoyakuta wanayabeba?

Nikupe mfano ambao unatuhusu. Genosha. 1988 Claremont na Rick Leonardi waliumba kisiwa, wakakiweka Bahari ya Hindi, pwani ya Afrika Mashariki, bahari hii hii yetu. Nchi tajiri, safi, majengo mazuri, na utajiri wote ule umejengwa na mutanti waliofanywa watumwa, wamenyolewa vichwa, wamevalishwa nguo za mwili mzima zisizovuka, wamepewa namba badala ya majina. Claremont aliandika akiwa anaitazama Afrika Kusini ya wakati ule. Lkn mie nimezaliwa mjini hapa, Mkunazini pale lilikuwa soko la watumwa mpaka 1873, na unasoma kisiwa kizuri cha Bahari ya Hindi ambacho uzuri wake umelipiwa na watu wenye namba, hushindwi kukaa ukafikiri. Baadae waandishi wengine wakawaachia huru, wengine wakampa Magneto atawale. Khalafu 2001 wakaja watu wapya, Grant Morrison na Frank Quitely, toleo lao la pili tu, Genosha yote ikateketezwa, watu milioni 16 kwa siku moja.

Nlichukia? Ndio nlichukia mno. Lkn hawakuishia hapo. Wametuonesha Emma Frost, mutanti aliyekuwa mwalimu kule, anatoka kwenye kifusi, mwili wote umegeuka almasi ndio maana kasalimika, na mikononi kabeba mwanafunzi wake na hataki kukubali kuwa mtoto keshakufa. Quitely hakumchora analia. Uso wa almasi haulii, na ndio unavokuchoma. Na Emma yule akaingia kwenye timu, na maiti wale milioni 16 wakaendelea kuwemo kwenye hadithi miaka na miaka, hata Krakoa yako mwana mkunazini, hotuba zao nyingi unazikuta zinarudi Genosha. Ile ndo timu mpya ninayoiheshimu, kaharibu lkn kaubeba mzigo wa alichoharibu.

Sasa hawa wa 2024. Nimewasoma wote watatu nikiwa na hasira na nimewapima hivyo hivyo. Ntarudi baadae niandike, nna watoto wa madrasa hapa.

---

mwana_mkunazini

Shukran sana nyote. Babu ile habari ya Krakoa kuwa adui wa 1975 skuijua kabisa, nimekwenda kuitafuta usiku ule ule. Mkono wa Wete kile kipande cha maji nimekiona, nimekuelewa.

Bi Ororo nnakusubiri. Genosha nlikuwa naisikia tu ikitajwa, skujua kuwa ipo huku kwetu.

---

bi_ororo

Nimerudi. Haya.

MacKay. Kile kiwanda cha Alaska ambacho hukukipenda, hicho kilikuwa cha Orchis, wale wale walioiangamiza Krakoa, walikuwa wanatengeneza Sentinel pale, roboti za kuwinda mutanti. Cyclops kawachukulia nyumba yao. Magneto yumo lkn amekalia kiti, nguvu zake hazimtii tena. Beast, mwanasayansi wao, unakumbuka alivyoharibika miaka ya Krakoa, mauaji na mateso kwa jina la taifa? Huyu aliyepo ni nakala yake ya zamani, hakumbuki hata moja katika hayo, lkn watu wanaomzunguka wanakumbuka na wanamtazama, na yeye lazima aishi na jina la mtu ambae bado hajawa. Hapo mie nikasema sawa, huyu mwandishi anabeba. Na yumo Idie Okonkwo, binti wa Kinigeria, siku hizi anaitwa Temper, miaka mingi alikuwa anasahauliwa kila timu ikibadilika na sasa anasimama mbele.

Simone kawapeleka Louisiana, Rogue na Gambit na Wolverine na Nightcrawler na Jubilee, kwenye nyumba moja, na wakaja vijana wanne wanaojiita Outliers ambao hawana pa kwenda. Na ile shule ya Xavier, nyumba ya tangu 1963, imegeuzwa jela ya mutanti na Xavier mwenyewe kafungwa humo. Hicho ni kitu kizito, na katika vitatu ndicho chenye moyo zaidi.

Ewing, Chicago. Kitty, siku hizi Kate, kaua watu vita vya mwisho vya Krakoa na sasa anahudumia baa na hataki kabisa habari za ushujaa, mpaka watoto wa mutanti wanamkuta hapo hapo na hana pa kukimbilia. Watu wengi wamekipuuza hichi kitabu kwa sbb hakina mapigano mengi, wamekosea.

Kwa hivo kisiwa hawakukirudisha na nnaona hawatakirudisha, lkn si kweli kwamba wamefuta. Nnachowalaumu, na hapa sitawasamehe haraka, ni kuwa Krakoa ilikuwa siasa. Watu wazima wanakaa barazani wanabishana sheria ya kwanza iwe nini, mfungwa afanywe nini, nani ana haki ya kuzaliwa tena kwanza. Sasa tumerudi kwenye timu ndogo tatu kila moja na nyumba yake na adui wake. Na ule umoja ulikuwa ndo mpya, ndo ulionifanya mie mtu mzima nisome. Kisiwa kikiondoka sawa, lkn yale maswali walitakiwa wayachukue.

---

babu_wa_shangani

Hapo kwenye siasa umenishika Bi Ororo, sina jibu na nnakubaliana nawe.

Mwanangu, kuhusu muda: wape hadithi moja nzima, matoleo matano au sita, ndo wanavyoyakusanya kuwa kitabu kimoja. Toleo la mwanzo linaandikwa kuuza, maduka ya kule wanaagiza miezi kabla na namba 1 ndo inayoagizwa zaidi, ndo maana wanapenda kuanza kuhesabu upya kila wakileta watu wapya. Humjui mwandishi kwa namba 1, unamjua pale anapomaliza alichoanzisha.

---

mpemba_wa_dar

Mie nachangia la pesa tu maana wamelisahau. Usinunue toleo moja moja, dola 4 au 5 kwa kurasa ishirini ni maumivu kwa shilingi yetu. Kuna apu ya Marvel Unlimited, unalipa kwa mwezi na toleo jipya linaingia baada ya miezi mitatu hivi. Kwa kuwa hawa wameanza 2024 hadithi za mwanzo zote zimo zamani, huna la kusubiri. Na apu inakuruhusu kupakua, pakua kwa wi-fi ya mtu ukasome boti ukivuka, bando halitoki.

Kama mutanti wa kwetu Afrika ndio wanaokuvutia basi usiache Storm ilioanza Oktoba 2024, mwandishi wake Murewa Ayodele, Mnigeria, mchoraji Lucas Werneck. Ororo miaka karibu 50 kaandikwa Mwafrika na watu wasiotoka Afrika, sasa kapata wa huku. Werneck anamchora nywele na mawingu mpaka hujui wapi kimoja kinaishia.

---

mwana_mkunazini

Basi nshaamua, naanza na Uncanny ya Simone mpaka hadithi ya kwanza iishe, khalafu Storm. X-Men ya MacKay ntairudia nikiwa nimetulia sbb nlivoisoma mara ya mwanzo nlikuwa namtafuta Krakoa kila ukurasa.

Bi Ororo ile Genosha ya 1988 inaanzia toleo la ngapi?

---

bi_ororo

Uncanny 235 mpaka 238. Wachoraji wawili humo, Leonardi na Marc Silvestri, wanapokezana, mkono wa Wete atakwambia zaidi. Ninazo za karatasi, alinitumia dada yangu, kama upo mjini njoo Jumamosi Maktaba Kuu pale Maisara mie huwa nipo na watoto asubuhi, usome hapo hapo, kuazimisha siazimishi.

---

mkono_wa_wete

Angalia Silvestri anavyochora kwenye zile kurasa. Na ukimaliza piga picha ukurasa wa zile nguo za watumwa unitumie, nataka kuona walivyotia wino mikunjo.